Kichwa cha Ukurasa wa Muteba

Jumatatu, 3 Februari 2025

Mvua. Mtoto wangu Mignonne alikohoa mpaka asubuhi, nimefika kazini macho mazito. Kwenye site ya habari ya tata Godefroid, mkubwa wangu wa kazi, kurasa zote zina kichwa kimoja: "Karibu kwetu". Ndiyo maana mutu akitafuta kitu kwa internet, sisi hatuonekani. Kazi yangu ni kubadilisha. Neno lenye watu wanatafuta likae mbele. Kiwe kifupi, simu isikikate. Kila ukurasa na kichwa chake.

Leo nimefika kwa habari ya lile shimo lililoanguka Fungurume. Tata Godefroid anataka: "Utalia! Tazama video". Video gani? Hatuna. Nikamwambia mutu akifungua akakosa, anatoka, na kesho hata tukisema kweli hatafungua. Akacheka — mama Mignonne, utatuua njaa na ukweli wako.

Nikaandika: "Fungurume: shimo la wachimbaji laanguka Ijumaa".

Bwana yangu Muteba anachimba kule. Simu yake imezimika tangu siku ile.

Jumanne, 4 Februari

Stany amekuja, mwenzake Muteba wa kuchimba, matope mpaka magotini. Ijumaa yeye alikuwa na homa, hakushuka. Anasema majeruhi walipakiwa kwa magari yoyote yaliyopita. Wengine Likasi, wengine huku Kolwezi, wengine hajui.

"Hakuna mwenye alimwona Muteba?"

Akaangalia chini. "Mama, kule hakuna mutu anajua Muteba. Kule ni Sukari."

Miaka yote ya ndoa, sikujua. Kwa shimo lao jina la nyumbani haliingii. Wanaliacha juu. Na bibi, mke wa mutu, haulizi lile la chini.

Nimemtengenezea Muteba ukurasa kwa site. Picha, namba yangu. Kichwa, na mtaa wetu ndani: "Muteba wa Manika anatafutwa".

Jumatano, 5 Februari

Hakuna aliyefungua. Hata mumoja.

Nimeona kosa langu. Niliweka jina lenye mi ningeandika. Lakini mi sijui aliko! Kama kuna mutu yuko naye, anatafuta ndugu zake, ataandika jina analolijua yeye. Kichwa kinafuata kinywa cha mwenye kutafuta. Nikajaribu "Sukari" peke yake — ikaleta bei za sukari. Basi majina yote mawili, na kazi, na mahali.

Mama mukwe wangu, mama Ndaya, alisikia nikimwelezea Stany kwa simu. Akasimama mlangoni.

"Jina nilimpa mi, unaliweka pamoja na la shimo? Udongo ukilisikia unamushika."

"Mama, udongo ukitaka kumushika hauulizi jina. Watu ndio hawawezi kumurudisha bila jina."

Alimbeba Mignonne mgongoni, akatoka kwenye mvua bila kujifunika. Nilimfuata na kitambaa. Niliwafunika wote wawili. Halafu nikarudi, nikaandika: "Sukari, mchimbaji wa Fungurume: ni Muteba, familia iko Kolwezi".

Nikakiweka.

Alhamisi, 6 Februari

Courant hakuna, taa haziwaki. Mtoto homa. Mama Ndaya hanisemeshi.

Jumamosi, 8 Februari

Tata Godefroid aliniita kwenye machine yake ya kompyuta. Kuna mahali panaonyesha maneno yenye watu waliandika mpaka wakafika kwetu. Yanachelewa siku kidogo. Ya kwanza: "bei ya sukari". Nikataka kuondoka. Akasema, ngoja, shuka.

"sukari creuseur fungurume familia"

Mchimbaji, kwa Kifaransa. Chini yake, tena:

"sukari mchimbaji bibi yake kolwezi"

"Unaona," akasema, "kichwa chako kimekamata." Halafu akaniangalia uso. Akaniambia niende nyumbani.

Mutu anatutafuta. Amefungua ukurasa, namba yangu ameiona. Hajaita.

Kwa taxi-moto, nyuma ya pikipiki, njia yote niliwaza kitu kimoja. Namba yangu Muteba anaijua kwa kichwa. Kama anaweza kusema, kwa nini mutu aende kuniuliza kwa internet?

Nilipofika, mama Ndaya alinisemesha kwanza. "Kuna habari?"

"Mama, kuna mutu anatutafuta."

Akapiga magoti palepale, akashukuru. Mi nilibaki nimesimama, mtoto akinivuta nguo.

Sasa simu iko mbele yangu, imejaa courant, réseau inashika. Nje, mama Ndaya amewasha makaa. Amebandika sufuria kubwa — maji ya Muteba kuoga. Anauliza kama sabuni yake bado iko.

Iko.