Habari Isiyoingia Kumbini

Kwa mama yangu Bi Somoe,
Mitole, Kilwa.

Shikamoo mama. Kabla hujaitikia, mtazame anayekusomea. Kama ni kaka Hamisi, mwambie aikunje amwite Sele. Barua hii nataka akusomee mwanangu mwenyewe, neno kwa neno, na mahali anaposemwa yeye asiparuke. Sele, marahaba baba. Kaa mkekani, soma polepole, masikio ya bibi yako siku hizi hayana haraka.

Hamjambo hapo nyumbani? Mgongo unaendeleaje? Ufuta mmeshaukung'uta au bado unakauka shambani? Nauliza kwa sababu nikikuuliza kwa simu unajibu "salama tu" kwa kila kitu, hata ukiwa umelala kitandani. Mimi huku Kongo niko hai, nakula, nalala. Mzima wa afya sisemi, maana mkono wa kushoto haujanyooka sawasawa. Hiyo ndiyo habari ya kwanza, na Sele aisome kwa sauti.

Barua anawaletea afande mmoja wa Nachingwea anayekuja likizo. Mpokeeni vizuri. Ni mtu wa watu, ila mpikieni sufuria kubwa. Ningeweza kupiga simu, lakini mtandao wa huku ukiupata leo, kesho haupo, na mambo haya hayataki kukatwa katikati.

Mama, najua mlimwambia mtoto kwamba nina malaria. Sikuwa na malaria. Kazi yangu huku, kama mnavyojua, ni kuendesha boza la maji. Napeleka maji kambini kwetu, halafu napeleka kwa wakimbizi walioko ng'ambo ya kilima. Siku ile nilikuwa narudi na boza tupu, risasi zikaanza kulia kutoka juu. Nikakanyaga mafuta. Njia ilikuwa tope tupu, gari likaserereka, likatumbukia mtaroni likalala ubavu, na mkono wangu ukabaki chini ya mlango. Mwenzangu niliyekuwa naye alinivuta kwa dirishani huku ananitukana nisilale usingizi. Niliogopa, Sele. Mama yako ni askari, ana buti na ana cheo, na niliogopa hata shahada nikaikosea nikaanza upya. Hakuna risasi iliyonipata. Nilivunjika mkono, wakaufunga, nikalala hemani siku nyingi, na mtandao haukuwepo.

Habari ikafika kwa kaka Hamisi, naye akakuletea wewe, mkakubaliana mtoto asijue. Sikulaumu. Ningekuwa mimi hapo labda ningefanya hivyo hivyo. Lakini sikiliza yaliyotokea. Mtandao uliporudi nikampigia, badala ya shikamoo nikasikia, "Mama, malaria gani hiyo inayojaza wageni nyumbani mchana kutwa?" Nikacheka. Nikamuuliza alijuaje. Akasema alivunja bakuli lako la maua, lile la harusi yako, na wewe ukamwambia, "Haya, si kitu mwanangu." Mama, umemlea mtoto huyo tangu hajaota meno, hujawahi kumwambia si kitu hata alipovunja kifuu. Akasema siku hizo hukumgombeza kabisa, ndipo akajua mama yake amekufa.

Ndiyo, alijua nimekufa. Alikaa na jambo hilo peke yake. Redio mliitoa betri mkasema zimeisha, na yeye aliziona ndani ya kikombe kabatini. Shule alikuwa anaaga lakini hafiki; alikaa kwenye kona ya barabara ya kwenda Masoko, na kila bodaboda iliyobeba mtu mwenye shati safi, anasimama akidhani ni mtu wa jeshi analeta habari. Aliniambia hivi kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayesimulia mpira. Mimi nilipokata simu nililia, na huku hatulii ovyo, watu wanatazamana.

Sasa nije kwenye lile unalonipigia simu kulalamika. Unasema wenzake wote wanaingia jandoni likizo hii, na yeye amekataa. Unasema siku mliyompeleka kwa manyakanga, yule mkuu wa kumbi la jando, kuandikishwa alipanda juu ya mkorosho mpaka magharibi, na watoto wenzake wakakaa chini wakimwimbia. Unasema aibu imekujaa, mtoto wa askari anaogopa wembe.

Haogopi wembe, mama. Kwanza siku hizi hakuna wembe, ni muuguzi wa zahanati na sindano yake ya ganzi, na Sele sindano alishazizoea. Nilimwuliza mwenyewe, na alichonijibu nakiandika hapa kama alivyokisema, ili usikie kutoka mdomoni mwake anaposoma:

"Mama, ukifa nikiwa kumbini hawataniambia. Watangoja nitoke, wanivishe kanzu, nicheze, ndiyo waniambie."

Na ni kweli, mama. Msiba hauingii kumbini, tumezaliwa tukaikuta mila hiyo. Mtoto akiwa ndani, hata afiwe na nani, wazee wanafunga midomo mpaka siku ya kutoka, ati huzuni inazuia kidonda kupona. Sidharau mila, mama. Mila hiyo ilitungwa na watu waliowapenda watoto wao. Lakini waliitunga wakati mwenye kuondoka anaenda shambani au baharini, na mtoto aliyeko ndani hana sababu ya kuamka kila siku akijiuliza kama mama yake bado yupo. Sele anayo sababu. Baba yake alimfia hajajua hata kutembea. Aliyebaki ni mimi, na mimi niko vitani.

Na tena, mama, wewe ndiye uliyemsimulia habari za mjomba wake. Ulimsimulia kwa kujivuna, kumwonyesha jinsi watu wanavyojua kutunza siri. Na mimi nilikuwepo. Baba alipofariki, kaka Hamisi alikuwa kumbini. Tulizika, tukamaliza arobaini, mkeka tukauondoa, na yeye hajui. Siku ya kutoka mlinivisha khanga mpya, shangazi akanishika kidevu akaniambia nicheke, ole wangu nisipocheka. Nikacheka. Kaka akatoka amepakwa unga usoni, wanja machoni, kanzu inameta, akacheza mbele za watu. Akacheza akigeuka geuka, anamtafuta baba aone anavyocheza. Mimi nilikuwa nimesimama karibu nikayaona macho yake yanavyozunguka. Halafu jioni mkamwita uani.

Mama, umewahi kumwona kaka Hamisi akicheza ngoma yoyote tangu siku ile? Hata harusini kwake alikaa kitini ameshika fimbo. Sisi tunasema ana haya. Nami sijawahi kumwuliza, lakini nadhani si haya hata kidogo.

Sele, pumzika kidogo, mpe bibi maji, halafu uendelee.

Nitawaambia kwa nini nimeamua kuandika haya sasa. Kule ninakopeleka maji kuna mtoto, umri wake kama wa Sele, jina wanamwita Baraka. Kiswahili chao kina vituko vyake lakini tunaelewana. Baba yake aliuawa kijijini kwao kabla hawajakimbia. Watu wote kwenye foleni wanajua. Mama yake amemwambia mtoto kwamba baba amekwenda mjini kutafuta kazi. Basi boza langu likisimama tu, kabla hata sijafungua bomba, Baraka anakuja dirishani ananiuliza kama huko nilikotoka sikumwona baba yake, na ananieleza: mrefu, ana koti la kijani. Nami najibu sikumwona, na huo ni ukweli. Kinamama kwenye foleni wanainamisha vichwa wanatazama madumu yao. Juzi hakuja. Nikamwuliza mama yake mtoto yuko wapi, akanionyesha. Mtoto amekaa nyuma ya hema ametupa mgongo. Amegundua mwenyewe. Mama yake akaniambia mtoto hamsemeshi siku ya pili hii, na si kwa ajili ya baba yake, ni kwa ajili ya kudanganywa. Anasema, "Baba walimuua wale. Wewe mama, kwa nini ulinifanya nimtafute?"

Mama, mimi sitaki Sele aje aniulize hivyo kaburini, wala akuulize wewe ukiwa mzee huna pa kukimbilia.

Najua utasema Mwanahawa amekaa na wageni amepotea, amesahau kwao. Sijasahau. Siku Sele akiingia kumbini mimi huku chumvi naiacha, kama anavyopaswa mama wa mwali, na nywele sichani mpaka atoke. Mpishi wetu nimeshamwambia anitengee. Alinicheka, akasema hajaona mtu anayeomba chakula kibaya wakati kilichopo tayari ni kibaya. Nikamwambia wewe nitengee tu. Miiko yote nitaifuata. Ninaomba mmoja tu mniondolee.

Ninachotaka ni hiki. Umwite manyakanga nyumbani, na kaka Hamisi awepo, na Sele mwenyewe awepo. Umwambie manyakanga mbele ya mtoto: ikija habari ya mama yake, ya heri au ya shari, ataambiwa siku hiyo hiyo, na atakayemwambia ni mjomba wake Hamisi. Kama ni shari, atakaa na mjomba wake hapo hapo kumbini alie anavyotaka. Kidonda kitapona. Cha kaka Hamisi kilipona upesi kwa sababu alifichwa, na mnaona wenyewe.

Na wakati hakuna habari, msimwambie nawasalimia. Mwambieni hakuna habari. Anaweza kulibeba hilo, alishabeba zito zaidi bila msaada wa mtu.

Nisalimie shangazi wa Songo Mnara akija na samaki wake, mwambie nimekaa huku hata harufu ya ng'onda sijaisikia. Nisalimie wifi yangu mke wa Hamisi, mtoto mchanga ambebe kwa niaba yangu. Nisalimie maalimu wa chuo aliyemfundisha Sele kusoma herufi zote mbili, za dini na za shule. Leo matunda yake tunayala. Majirani wote wa kule kisimani, mmoja mmoja, msimsahau yule mzee anayesahaulika.

Kaka Hamisi, kama uko hapo mlangoni unasikiliza, nisamehe nimekutaja mbele ya mtoto. Niliona hakuna mwingine anayejua habari hii kuliko wewe.

Sele mwanangu, umefika mwisho, na najua hukuruka. Sasa usiikunje barua. Mtazame bibi yako usoni, umwulize kama amekubali. Akikubali, nenda jandoni na wenzako, ukitoka cheza mpaka vumbi litimke, kwa maana utajua hakuna aliyekuficha kitu. Akikataa, usiende. Usipande tena mkorosho wala usijibizane na mtu, waache waimbe. Nikirudi nitakupeleka mwenyewe, hata kama utakuwa umeota ndevu. Nisiporudi, utakuwa umeijua habari yangu siku ile ile watakayoijua watu wazima.

Mimi mwanao, mama yake Selemani,
Mwanahawa