Mteremko wa Mawe

Jumapili jioni

Magurudumu yote mawili ya baiskeli ni mazima. Nimeyazungusha mwenyewe. Asante Mungu, kesho Neema atapelekwa hospitali na kifua chake hiki.

Jana mume wangu Elia aliniuliza, "Mama Neema, mbio za baiskeli kesho atashinda nani?" Nikamwambia ukweli: Juma, maana huleta asali kwa baiskeli kutoka msitu wa Mgori kila wiki na ule mteremko wa mawe anaujua. Akanuna mpaka tukalala. Nikawa na hakika kwamba kwa hasira atateremka bila breki, aivunje baiskeli, na nyingine hatuna. Mtoto ningembeba mgongoni mpaka mjini, na mwili huu uliochoka...

Juma ameshinda kweli. Elia alipofika kwenye mawe alishuka, akaibeba baiskeli begani mpaka chini. Kijiji kizima kilicheka. Shemeji yangu akapaza sauti, "Leo baiskeli imempanda mtu!"

Amekuwa wa mwisho. Ameiegemeza ukutani, akasema tu, "Ya Neema hiyo."

Juma nilimtabiri sawasawa. Mume wangu ndiye niliyemkosea. Nimemwambia hivyo, akacheka, akaomba mboga ya mlenda tena.