Somo la Simama

Jumatatu, 6 Mei

Nimebebeshwa kipindi kipya. Kujikinga na ukatili wa kingono, Kidato cha Tatu, kila Jumatano saa nane mchana — saa ya usingizi. Mkuu alipouliza kikaoni nani atakichukua, walimu wote ghafla wakawa na kitu cha kutafuta kwenye mikoba. Mimi ndiye mgeni, sina mume wala watoto wa kuwahi nyumbani, basi kikaniangukia. Mwalimu wa hesabu akasema niwafundishe wasichana kufunga vifungo, yataisha. Wakacheka. Besi peke yake hakucheka.

Besi ni mwalimu wa kwaya. Jina hilo nimempa mimi, humu tu, kwa ile sauti yake — akisema habari za asubuhi vikombe vinatetemeka. Tangu nihamie hapa ndiye pekee anayekuja kukaa nami wakati wa chai. Wengine wananisalimia huku wanapita.

Chumba kimya mno. Nimewasha redio, angalau mtu aongee.

Jumatano, 8 Mei

Kipindi cha kwanza! Niliyasema maneno yenyewe bila kuyafunika shuka. Wavulana wakajificha nyuma ya vitabu, wasichana wakakagua kucha. Halafu mmoja akauliza: mtu akikubali kununuliwa soda, si amekubali na mengine? Kicheko darasa zima. Kisha wote wakanitazama, kumbe wanataka jibu kweli. Nikasema, amekubali soda. Hapo ndipo moto ulipowaka! Tulibishana mpaka kengele.

Nimetoka nina furaha na sina wa kumsimulia. Nikampigia mama. Akauliza kama nakula vizuri, na je, yule wa nyimbo hajambo? Mama ameshaniozesha tayari. Nikamwambia hajambo.

Jumatano, 15 Mei

Leo zoezi la umbali. Mtu mmoja anasimama mlangoni, mwanafunzi mwisho wa darasa. Wa mlangoni anasogea polepole, mwanafunzi anasema "Simama!" pale anapoona panatosha. Hakuna jibu la kosa. Nilihitaji mtu mzima wa kusogea, na Besi akajitolea bila kubembelezwa. Kakunja mikono ya shati, kafanya mikogo yake, darasa hoi. Wengi walimsimamisha karibu kabisa. Mvulana mmoja alimwacha mpaka viatu vikagusana, akapigiwa makofi.

Twiga — msichana mmoja, wenzake wanamwita hivyo kwa urefu — alisema "Simama" Besi hajainua hata mguu. Tulicheka sana! Besi akajishika kifua kama mtu aliyepigwa risasi. Nikamwambia Twiga ajaribu tena, ampe mwalimu nafasi. Akasema "Simama" palepale, kwa sauti ndogo, akaenda kukaa. Mkaidi huyu.

Jioni Besi kaja kunitengenezea bomba. Kaondoka, nikabaki mlangoni kama msichana wa miaka kumi na sita. Aibu! Lakini aibu tamu.

Ijumaa, 17 Mei

Sijui nianzie wapi.

Nilikuwa maabara naosha mirija baada ya kipindi cha biolojia. Twiga akaja, akauliza kama anaweza kunisaidia. Mrija mmoja aliufuta mpaka nikaogopa utavunjika. Kisha akasema: mwalimu, ulituambia tumwambie mtu mzima tunayemwamini.

Yeye ni wa kwaya, na wanaoimba peke yao hubakishwa baada ya mazoezi. Mmoja mmoja. Besi anawapima pumzi — anaweka mkono tumboni, ndivyo waimbaji wanavyofundishwa kupumua. Ila mkono haubaki tumboni. Tangu muhula uliopita. Ukimwambia hapana, anasema hii ni kazi, wenzako hawalalamiki.

Nikamwambia nakuamini. Nikamwambia kosa si lako. Na kwamba siwezi kulifanya siri, lazima nilipeleke mbele. Akasema anajua, nilisema darasani. Kumbe alikuwa anasikiliza kila neno.

Halafu akaniuliza kwa nini nilicheka.

Ampe mwalimu nafasi! Nilimsimamisha mbele ya darasa zima, na yule nikamleta mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Nimemwomba radhi. Akatikisa kichwa, akachukua mrija mwingine, akaendelea kufuta.

Jumapili, 19 Mei

Besi kapiga simu. Sikupokea. Kapiga tena. Nimeifunika kwa mto.

Namchukia. Na bado kila nikisikia hatua nje nasikiliza kama atabisha hodi. Mtu mmoja tu katika mji mzima alikuwa ananiuliza umeshindaje — na ndiye huyo.

Mama kapiga. Nikamwambia nina mafua, ndiyo maana sauti iko hivi.

Jumatatu, 20 Mei

Nimemwambia Mkuu. Alinisikiliza vizuri, akafunga dirisha, nikadhani ameelewa. Kisha akasema shindano la kwaya ni Jumamosi. Mgeni rasmi ameshaalikwa. Tulitazame baada ya hapo, kwa utulivu, maana wasichana wa umri huu unawajua mwenyewe. Nikasema mazoezi ni kila siku mpaka Jumamosi, Twiga atabaki naye kila siku! Akanitazama kwa huruma, afadhali angenifokea. Akasema watu wameona mlivyokuwa karibu, wewe na yeye. Watasema umeachwa, unalipiza kisasi.

Kumbe wote walikuwa wanatuangalia. Kukaa nami hawakuwa na muda, kuangalia walikuwa nao.

Nikasema nitakwenda ustawi wa jamii, sheria inanitaka niende. Akasema, basi mwenzangu, utakwenda peke yako.

Wakati wa chai Besi kaja na kikombe chake, akauliza chini chini kama amenikosea kitu. Nilisimama nikaenda kunywea nje, jua la saa nne likinichoma utosi. Chai nusu ikaishia kwenye sketi. Mchana nikaenda kwao Twiga. Shangazi yake, ndiye anayemlea, ni mshonaji. Alinisikiliza huku mguu uko kwenye cherehani, haisogei. Mwishowe akasema: kesho saa ngapi?

Jumanne, 21 Mei

Naandika hapa hapa kwenye benchi, korido ya ustawi wa jamii, nisije nikalia mbele za watu. Twiga yuko ndani na shangazi na afisa, mama mmoja mwenye sauti ya upole. Mkuu hakuja. Hajapokea hata simu. Mwalimu wa hesabu kanitumia ujumbe: umeamua kutuchafulia shule?

Nimefikiri sana nitafanya nini leo jioni bomba likiharibika. Upuuzi gani huu wa kufikiria sasa! Lakini ndicho nilichofikiria. Nitaazima ndoo kwa jirani, kama atanifungulia.

Ndani sauti ya Twiga haisikiki. Ya afisa ndiyo, kidogo kidogo. Anauliza, kisha anauliza tena.

Mlango wa nje umefunguliwa. Nilidhani Mkuu amebadilisha mawazo. Si yeye. Wasichana wawili wa Kidato cha Nne, wana skafu za kwaya shingoni, muda huu wanapaswa kuwa mazoezini. Shikamoo mwalimu. Marahaba. Wameuliza kama ni hapa. Wanasema Twiga kawaambia waje. Nyuma yao yupo wa tatu, wa Kidato cha Kwanza. Mdogo! Sare bado inampwaya. Sikujua kama na yeye huimba.

Nimesogea, wamekaa. Huyu mdogo yuko ubavuni kwangu, anapumua kwa mdomo. Sasa hivi kanigusa kiwiko, anauliza kama ni lazima kuingia mmoja mmoja, au wanaweza kuingia wote, na mimi —

Nainuka nikaulize