Daftari Limejaa, Mtoto Hajasoma

Mwalimu Gacheri mpendwa, salaam aleikum. Naomba msaada wako kabla sijalipuka, na tafadhali ukichapisha barua hii ubadilishe majina yote, kwa sababu gazeti lenu linasomwa sana hapa Bulla Pesa na watu wa mume wangu hawakosi mtu wa kuwasomea.

Mimi ni mama wa watoto watatu, na kabla ya kuolewa nilifundisha shule ya msingi miaka minne, kwa hivyo chaki naijua. Mtoto wangu wa kwanza, Tari, ana miaka kumi na minne na ana pumu, na mwaka jana ule upepo wa mwezi wa saba ulipoanza kubeba vumbi alilazwa mara tatu, anatoka shule anakohoa mpaka anashika ukuta, hata mume wangu Jattani, ambaye hununua mbuzi na kuwapeleka Nairobi na katikati ya wiki huwa hayuko, akasema basi, mtoto asirudi kwa hilo vumbi, mwalimu tunaye hapa ndani, asome nyumbani mpaka amalize gredi ya tisa. Nilifurahi, Mwalimu, nisikudanganye, nilijiona nimerudi kazini. Tulinunua vitabu, tukapaka upande mmoja wa ukuta wa sebule rangi nyeusi uwe ubao, na mwezi ule wa mwanzo tulisoma vizuri, saa mbili mpaka saa sita, na kifua chake kikatulia.

Sasa sikia. Kila mtu wa ukoo wa Jattani akija mjini anashukia kwetu, mwenye mgonjwa hospitali, mwenye kufuata kitambulisho, mwenye ng'ombe wa kuuza, mwenye kungoja gari ya Merti, na kwetu Waborana mgeni haulizwi shida yake kabla hajanywa chai, na hakuna mgeni wa kikombe kimoja. Zamani Tari akiwa shuleni wakati mwingine walikuta nimefunga nimeenda sokoni, wakapita. Lakini waliposikia kwamba kwa Jattani siku hizi kuna watu nyumbani kutwa nzima, wakaanza kufika saa mbili unusu, wanakaa hapo sebuleni chini ya ubao, mmoja akaegemeza mgongo kwenye sehemu za desimali mpaka zikafutika, na mimi nikiwa nawapokea na kuuliza habari ya mvua na mifugo, nani yuko jikoni? Tari. Halafu kuna Adada Nurto, shangazi ya Jattani, alikuja kutibiwa goti kwa siku mbili na hii ni wiki yake ya tisa. Yeye chai ya gesi hataki, anasema hiyo ni maji ya moto, anataka chai ya kuni na maziwa ya kibuyu kilichovukizwa kama kule nyumbani, kwa hivyo kila asubuhi Tari anachukua vijinga vya moto anavukiza kibuyu kabla ya kuja kusoma, na kabla hajakaa wengine wamebisha hodi. Nikimwambia Adada mtoto ana somo ananijibu, "Kwani msichana ako nyumbani na mgeni ajipikie? Hiyo kitabu haitakimbia." Mzee Denge naye, jirani yetu, amesema mbele ya watu chai ya Tari imeshinda ya mamake, amelelewa vizuri, na mimi kwa ujinga wangu nikatabasamu.

Hapa ndipo penye aibu yangu. Kila Ijumaa Jattani akitoka msikitini huomba daftari za Tari, anazifungua mbele ya wageni, anawaonyesha. Ijumaa ya kwanza ambayo hakukuwa na kitu kimeandikwa tangu Jumanne, niliogopa, kwa sababu ningesema ni wageni angesema siwapendi watu wake, basi alfajiri baada ya kuswali nikakaa nikaandika kurasa mbili za hesabu kwa mwandiko wa Tari, nikazisahihisha kwa kalamu nyekundu, chini nikaandika "Vizuri sana." Nilijiambia ni mara moja tu. Hiyo ilikuwa mwezi wa tisa. Sasa ni mwezi wa pili na nimejaza daftari kumi na moja. Huwa hata naweka makosa mawili matatu ili isijulikane, na Ijumaa moja Jattani aliona makosa hayo akamgombeza Tari mbele ya watu, kwa nini hukazi akili, nimekununulia kila kitu, na mtoto akaniangalia tu.

Wiki iliyopita Jattani alienda kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu ili Tari aandikishwe kufanya mtihani wa gredi ya tisa pale. Mwalimu mkuu akakubali, lakini akasema mlete Jumatatu ya mwisho wa mwezi, akae na wenzake asubuhi moja, tumpime tujue amefika wapi. Jattani amerudi anatembea kama amenunua gari, ameambia ukoo mzima. Jioni hiyo Tari alikuwa anaosha vikombe, hata hakugeuka, akaniuliza, "Mama, hiyo Jumatatu utaniandikia pia?"

Mwalimu, nina hasira sitaki hata kusema. Nina hasira na hawa watu wanaokula masaa ya mtoto wangu, na Adada na kibuyu chake, na mume anayejua kufungua daftari na hajui kufungua macho. Nimefikiria nimwambie Jattani kifua kimemshika Tari tena, tuache mwaka huu upite, mwakani nitamfundisha kweli, na kwa vile anajua ana pumu ataamini. Niambie kama ni sawa, na uniambie nitawatoaje hawa wageni bila kuitwa mwanamke mchoyo.

Ni mimi, Mama Tari, Bulla Pesa.

MWALIMU GACHERI ANAJIBU

Aleikum salaam, Mama Tari. Majina nimebadilisha. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliwakasirikia wageni wako. Mara ya pili nilikukasirikia wewe, na hasira hiyo bado iko, kwa hivyo kaa vizuri.

Naanza na kitu ulichokipita haraka. Mlimtoa mtoto shuleni kwa sababu ya vumbi. Sasa kila asubuhi anainamia vijinga vya moto kuvukiza kibuyu, halafu anapuliza kuni. Mtoto wa pumu. Mlimtoa kwenye vumbi mkamtia kwenye moshi, na wewe umeliandika hilo katikati ya sentensi ndefu kama mtu anayetaja kwamba sukari imeisha. Hukuandika hata kama anakohoa. Kazi hiyo inakwisha leo, kabla hujakunja gazeti hili. Asiyetaka chai ya gesi anywe maji, na anayetaka kibuyu kivukizwe akivukize kwa mkono wake. Goti la Adada Nurto ndilo linalouma. Mikono ni mizima. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huku kwetu jembe la nini, mpe sufuria.

Usiniambie ni mila. Mimi ni Mmeru, lakini nimeishi Isiolo miaka ishirini na sita, nimefundisha watoto wa Kiborana mpaka nikafundisha watoto wao, na chai niliyokunywa kwenye nyumba zenu ingenywesha ngamia. Mila inasema mgeni apate chai. Sijawahi kusikia mzee yeyote akisema lazima apikiwe na msichana wa gredi ya tisa saa nne asubuhi. Hiyo mmeiongeza wenyewe kwa sababu ilikuwa rahisi, na wewe uliiongeza ukitabasamu. Sifa ya mzee Denge ilikuingia tamu. Nakushukuru kwa kukiri, maana wengi wangeficha.

Sasa daftari. Mama, wewe ni mwalimu. Unajua alama nyekundu ni nini. Ni neno la mwalimu kwa mtoto kwamba kazi yako nimeiona. Wewe umelitoa neno hilo mara mia kwa kazi ambayo hakuna mtoto aliyeifanya, ukaweka na makosa juu yake, na makosa yako yakamletea Tari makaripio mbele ya watu. Alinyamaza ili asikuaibishe. Mtoto wa miaka kumi na minne amekutunzia siri miezi mitano huku anakuoshea vikombe. Nilipofika hapo niliweka barua chini nikatoka nje kidogo.

Unasema uliogopa Jattani angesema huwapendi watu wake. Alisema lini? Hukumwambia kitu. Umemhukumu mtu kwa neno ambalo hajalitamka, kisha kila Ijumaa ukamfanya kichekesho mbele ya wageni wake. Huyo ndiye mtu aliyesema mtoto wangu asife kwa vumbi. Angeweza kuwa wa kwanza kumtetea, na umemnyima nafasi hiyo.

Lakini na wewe Jattani, kama unasoma, usicheke. Wewe ukiwa sokoni ukaambiwa mbuzi ana miaka miwili, unakubali? Unamshika taya, unafungua mdomo, unaangalia meno. Mtoto wako umemnunua kwa maneno. Miezi mitano ukifungua daftari, hata siku moja hukumwambia, njoo hapa ukae, nifanyie hesabu hii nikuone.

Kuhusu kusema Tari ni mgonjwa: hapana. Kifua cha mtoto huyu si cha kuchezewa. Mkikitumia kwa uongo mwezi huu, siku atakapobanwa kweli kuna mtu nyumbani humo atasema anajifanya, na dakika zile ndizo zinazoua. Na mwaka mkiacha upite, atakuwa na miaka kumi na mitano, hana mtihani, ana jina zuri la kupika chai. Nyumba yenye msichana wa namna hiyo hupata wageni wa aina nyingine, wanaokuja na wazee na sukari kuposa. Unawajua kuliko mimi.

Kwa hivyo Jumatatu ya mwisho wa mwezi Tari ataenda. Atashindwa mengi. Ashindwe. Mwalimu mkuu hakusema amlete apewe zawadi, alisema wamjue amefika wapi, na wewe ndiye unayehitaji kujua hilo zaidi ya mtu yeyote. Mwambie ukweli huyo mwalimu mkuu, umwombe karatasi ya mtoto mrudi nayo nyumbani, na kila alipokwama ndipo mnapoanzia. Mtihani ni mwisho wa mwaka. Ukifundisha kuanzia sasa kama ulivyofundisha ule mwezi wa mwanzo, muda upo, ingawa hautoshi kupoteza asubuhi hata moja. Kabla ya siku hiyo mpeleke pia kliniki wamsikilize kifua, kwa huo moshi wote.

Masomo yahame sebuleni. Ubao wa ukutani waachieni wageni waegemee. Tafuta kipande cha plaiwudi, kipake rangi hiyo hiyo, kiweke chumba cha kulala. Anzeni saa moja, wakati gari la mgeni bado liko njiani, na muanze na somo gumu, si lile analolipenda. Mkifika saa tano mapumziko. Jioni baada ya alasiri asome saa moja kwa sauti na wewe ukiwa umekaa, si ukipita na ndoo. Vikombe ataosha kama mtoto yeyote, masomo yakiisha. Kalamu nyekundu usiishike kama Tari hayuko mbele yako.

Na wageni hutawatoa. Kuna mama pale Kiwanjani, nitamwita Gladys, anayemfundisha mwanawe nyumbani kwa sababu miguu ya mtoto haimfikishi shule, na nyumba yake ina wageni kama yako. Kila asubuhi anajaza thamosi mbili, anaziweka barazani pamoja na vikombe na sukari, anasalimia kila anayefika, halafu anaingia na kufunga mlango wa ndani. Mgeni anajimiminia. Wiki ya kwanza walimnunia, wakamsema mpaka Leparua. Wiki ya nne mwenyewe aliwasikia wakinyamazishana hapo nje, "Pole pole, shule iko ndani." Chai walipata, na mlango umefungwa mpaka leo. Wakikuita mchoyo huku wameshika kikombe chako, waache waseme, kitawapoa mkononi.

Limebaki lililo gumu. Leo hii mwite Tari, muwe wawili tu, umwombe msamaha. Useme kwa maneno, si kwa kumpikia kitu kizuri. Mwambie makosa yale yalikuwa yako wewe mamake, na makaripio yale yalistahili kukuangukia wewe. Kisha mpe daftari jipya, na kuanzia kesho aandike mwenyewe mpaka Alhamisi. Kama ni kurasa tatu, ni kurasa tatu, na kama zimejaa makosa, ni makosa yake na ana haki nayo.

Ijumaa Jattani akitoka msikitini na kuomba daftari, wageni wapishe kwanza. Mpe hilo la kurasa tatu. Yale kumi na moja yaweke kando yake umwambie, haya ni yangu. Atapiga kelele, na ana sababu. Msikilize mpaka amalize, usimkumbushe habari za watu wake siku hiyo. Tari awe amekaa hapo hapo kati yenu, asitumwe jikoni. Chai siku hiyo atamimina baba yake.