Sauti Iliyobaki Kooni

Jumatatu, 3 Machi
Miezi mitatu tangu tumzike mama mkubwa, na leo nimeshinda na sauti yake masikioni. Kazi ni kazi. Kanda kumi na nne, zote nilimrekodi mwenyewe sebuleni kwake, kuku wa jirani wakisikika nyuma. Profesa wa isimu aliyeniajiri anataka kila neno lenye ile sauti ya chini ya koo likatwe, liwekwe peke yake. Mama mkubwa ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho kuisema lugha ya kwao. Mimi naijua kwa kuisikia tu, maana ya maneno siijui. Mama naye anasema aliletwa mjini akiwa wa kubebwa mgongoni, hakuambulia hata salamu.

Jumanne, 4 Machi
Profesa kaniita darasani. Anawaeleza wanafunzi: hii si gh ya ghali, wala h ya hewa. Iko chini zaidi. Shina la ulimi linarudi nyuma, karibu liguse ukuta wa koo, hewa inapita kwa kubanwa. Wakajaribu. Mmoja akapaliwa, mwingine akawa kama anataka kutapika — kicheko! Nami nikajaribu. Ikatoka. Darasa zima likanigeukia. Profesa akauliza nani kanifundisha. Hakuna. Nimesikiliza tu.

Alhamisi, 6 Machi
Sasa haitaki kuniachia. Leo dukani nimeomba sukari, neno likashuka kooni lenyewe. Muuzaji kanikodolea macho. Kabla sijasema nahisi ulimi unavutwa kwa nyuma, kama kuna mtu kaushika. Hata kukohoa — nakohoa kama yeye.
Wiki ijayo daktari wa koo atanipitishia kamera puani, waone ulimi unavyorudi. Profesa anasema nisihofu, ni kauzi kembamba. Kauzi sikaogopi.

Jumapili, 9 Machi
Mama hataki nifanye mazoezi nyumbani. Kwanza aliongeza sauti ya redio. Halafu akasema, bila kuinua uso kwenye mchele aliokuwa anauchagua:
"Mwache dada yangu apumzike."
Nikamwambia ni maneno tu. Akauliza, maneno gani? Nikasema sijui, hakuna aliyewahi kunieleza. Akacheka kidogo, kicheko kibaya. Mchana hakula.

Jumatano, 12 Machi
Saa tisa alasiri. Naandikia gotini, mwandiko wenyewe huu.
Kamera ni kesho. Nilidhani mama katoka. Nikafunga mlango wa chumba, nikasikiliza tena mwisho wa kanda ya kumi na moja. Hapo mama mkubwa alisema maneno marefu mfululizo, kisha akakataa katakata kumfasiria Profesa. Nimeyakariri yote, sauti kwa sauti. Nikazima mashine, nikavua hedifoni, nikayasema peke yangu. Sikukwama popote.
Nilipomaliza, nikajibiwa.
Nyuma ya mlango. Sauti ileile, koo lilelile. Na mashine nimezima! Nikafungua.
Mama kaketi sakafuni kwenye korido, mgongo ukutani, kiganja kooni. Anasema, na inatoka chini kabisa, safi kuliko yangu, safi kuliko ya marehemu.
Nikamwuliza, mama, kumbe unaijua?
Akarudi kwenye Kiswahili. "Nilikuja mjini na miaka tisa. Shuleni walinichapa kwa sauti hiyo, nikaapa haitanitoka tena. Dada aliendelea kunisemesha kwa lugha hiyohiyo. Miaka arobaini, sikumjibu hata mara moja."
"Na hayo niliyosema sasa hivi ni nini?"
Alinitazama usoni, akaniita dada.
Nikadhani kateleza ulimi. Akaniita tena.
Nimechukua daftari niyaandike maneno yake yalivyosikika, yasipotee. Nimekaa naye hapa chini. Anayarudia polepole, na mwisho wake unapanda — ni swali. Kashika mkono wangu wa kushoto. Machozi yanamtoka na hayafuti. Kaacha kusema sasa. Ameinamisha kichwa, sikio karibu na mdomo wangu, anasubiri dada yake amjibu