Binti wa Watu Thelathini

Jumatatu, 3 Machi
Nimechaguliwa! Mimi, mchora mabango ya saluni! Chuo kinafungua chumba cha maonyesho ya kompyuta yake ya kwanza, na wanataka niichore kama mhusika wa anime, vijana wavutike. Kikao Ijumaa. Kompyuta yenyewe ilikuwa moja tu, imejaza chumba kizima, na watu thelathini wakiitumia kwa wakati mmoja, kila mtu na kituo chake cha kuchapia. Shangazi aliiendesha miaka kumi na moja. Kesho namwendea.

Jumanne, 4 Machi
Shangazi kacheka hadi kikohozi kimemshika. Nilichora binti wa mikono thelathini. Eti huyo si kompyuta, ni pweza! Akili ilikuwa moja, akasema. Inamhudumia huyu kidogo, inamrukia yule, inarudi — upesi mno, kila mtu anadhani iko naye peke yake.
Nimechana karatasi. Mikono miwili. Macho makubwa, taa tupu! Nywele za kebo. Viatu vya magurudumu, anateleza meza hadi meza. Nampenda!! Hata kula nimesahau.

Jumatano, 5 Machi
Rangi. Rangi kutwa nzima. Tajiri wangu kanifokea, bango la kinyozi halijaisha. Anivumilie.

Alhamisi, 6 Machi
Leo Shangazi hakucheka.
Kaniambia mwanzoni kompyuta ilikuwa inakwama. Mwenye kazi ndefu anaing'ang'ania, wengine wanakodoa macho tu. Maprofesa nusura wazipige. Ndipo yeye akaandika programu ya kupanga zamu: kazi fupi zitangulie, ndefu zikatwe vipande.
"Uliandika wewe?"
"Kwa penseli, mwanangu. Wiki tatu."
Akashusha daftari kutoka juu ya kabati. Mishale, hesabu, tarehe. Mwili ukanisisimka!
Lakini maelezo niliyopewa na chuo yanasema aliyeiandika ni Mkuu wa Kitengo wa wakati ule. Tena ndiye mgeni rasmi wa kikao cha kesho! Nikamwonyesha. Kasoma mara mbili. Akasema aliwahi kumuuliza Mkuu, enzi hizo, mbona kajipa sifa ya kazi yake; akajibiwa kwamba waendeshaji hawaandiki programu, na kama kazi imemchosha, mlango uko wazi. Alikuwa na mtoto mchanga. Akameza.
Nikamwomba twende wote kesho. Hataki. Nikambembeleza, akanifukuza jikoni.

Ijumaa, 7 Machi
Saa mbili asubuhi nafungua mlango — Shangazi! Suti ya bluu, daftari kwapani. "Usinisemeshe njiani, nitaghairi." Sikuthubutu hata kukohoa.

Saa nne na nusu. Naandikia chini ya meza ya kikao, mwandiko ovyo. Wamempenda binti! Wamepiga makofi! Mwenyekiti kauliza nilijuaje yote yale. Nikasema ni Shangazi, yuko nje. Mkuu wa zamani, mzee wa fimbo, akachangamka: kumbe yule dada aliyekuwa akitubadilishia tepu za kompyuta! Aingie tumsalimie.
Kaingia. Kaweka daftari mbele ya mzee.
"Shikamoo, mkuu. Anza na tarehe."
Mzee anafunua. Anafunua tena. Mwenyekiti kanyoosha shingo, kauliza huo ni mwandiko wa nani. Kidole cha mzee kimeganda kwenye ukurasa. Mwenyekiti kauliza mara ya pili — safari hii anamtazama Shangazi.
Shangazi hajaharakisha. Hakuna aliyemkaribisha kiti. Kavuta kimoja, cha karibu na mzee, na amekaa.