Bendera Katika Picha ya Tramu

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe pamoja na wifi na binti yenu. Natumaini mko wazima wote, na kwamba lile goti lako limetulia tangu ulipoacha kupanda ngazi za ghala. Mimi sijambo, ukiacha haya macho yanayodai miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kuitafuta ile ya kwanza.

Barua yako niliikuta jana chini ya mlango. Umeandika kwamba Jumamosi mtakuja kuona maonyesho, ili binti yako aione tramu aliyokuwa akiendesha baba yake. Nimeisoma mara tatu. Nakuomba, kabla hamjapanda basi, kaa kitini uisome hii yangu mpaka mwisho, peke yako kwanza. Ukiona nachelewa kufika kwenye jambo lenyewe, nivumilie, maana nimechelewa nalo miaka thelathini na minne.

Kama nilivyokueleza, tangu mwezi wa tatu naitwa makumbusho ya mji kila asubuhi kutambua picha za zamani. Mzee Flashi, yule mpiga picha niliyemfanyia kazi ujanani, aliacha masanduku kumi na moja, na wanawe wameyatoa yote. Msimamizi wa maonyesho ni binti mwenye miwani mikubwa kuliko uso. Ananiita mama, ananiletea chai, kisha ananiuliza hapa ni wapi na huyu anafanya nini. Namwambia huyu mwanamke aliyejitwika cherehani anahama nyumba. Hawa wenye tai wanaosubiri basi ni makarani wa posta, na huyu aliyefunga kochi zima juu ya baiskeli ni fundi wa viti, hakuanguka hata siku moja. Zilipokuwa reli za tramu leo ni lami na mabasi marefu yenye milango mitatu. Njia panda yetu imewekewa taa kila upande, na studio ya Mzee Flashi imekuwa duka la simu. Nafurahi sana kueleza. Unanijua, ukinipa nafasi ya kusema umeumia.

Jumatatu tukafungua sanduku la tisa, na juu kabisa ilikuwa picha yetu.

Nasema yetu kwa sababu maisha yetu yalipinda pale. Ni njia panda, imepigwa kutoka roshani ya studio. Tramu namba nne inaingia kutoka kushoto, nawe umesimama nyuma ya kioo cha mbele, kofia imekaa sawasawa. Kulia linakuja lori la mchanga. Katikati, mbele ya ukuta wa kijivu wa benki, mshika bendera ameinua mkono mmoja, na mkononi mna bendera nyeusi. Mkono wake wa pili umefichwa na mkokoteni wa magunia. Wewe huhitaji kuelezwa, lakini binti yako hajui: siku zile hakukuwa na taa. Bendera nyeupe ilimruhusu dereva wa tramu apite, nyekundu ilimsimamisha, na kwenye picha zisizo na rangi, nyekundu hutoka nyeusi. Muda mfupi baada ya picha ile mligongana, na yule mama mshonaji aliyekuwa amekaa dirishani mwa tramu hakufika kwake.

Ulisema uliona nyeupe. Mshika bendera akasema aliinua nyekundu. Wakaiweka picha mezani, na kesi ikaishia hapo. Ulikaa jela miezi kumi na minane, na kazi ya tramu ikaota mbawa. Lakini lililoniuma kuliko yote ni ulilomwambia mama siku uliyotoka, kwamba huenda macho yako yalikudanganya. Tangu hapo hujashika usukani wa kitu chochote. Ulipokuja kumzika mama, tukataka kuvuka barabara mbele ya soko, ulinishika mkono wa gauni ukaniuliza kama hakuna gari. Wewe, uliyekuwa ukisoma namba ya basi likiwa bado mtaa wa pili! Nilikujibu kwamba hakuna, nikageuza uso nisikutazame.

Sasa sikiliza kilichotokea wiki hii. Msimamizi aliipenda picha hiyo kuliko zote, akataka ijaze ukuta mzima. Wakati wa kesi ilikuwa na ukubwa wa kadi ya posta tu. Jumanne wakaikuza, na ile bendera ikawa kubwa kuliko kiganja changu. Binti akasogea, akavua miwani, akaweka lenzi, kisha akaniita. Akaniuliza huu uzi mweupe unaoizunguka bendera nyeusi ni kitu gani. Nilikuwa nimeshauona kabla hajanyoosha kidole. Nikamwambia ni michubuko ya uzee, kama niliyo nayo mimi. Alicheka kidogo, lakini lenzi hakuiondoa. Akasema michubuko mingine imetapakaa ovyo, ila huu umefuata pindo la bendera. Nikasema nina kiu, nikatoka nje.

Jana akanionyesha maelezo yatakayobandikwa chini ya picha. Yalisema kwamba dereva wa tramu alipuuza bendera nyekundu na kusababisha kifo. Jina lako lilikuwapo, kamili, mpaka la babu. Binti hakujua kwamba wewe ni kaka yangu, maana mimi natumia jina la marehemu mume wangu. Akaniuliza kama kuna la kusahihisha kabla hajayapeleka kwa mchapaji leo saa sita mchana. Nikamwambia nitaangalia. Nikarudi nyumbani roho mkononi, na mlangoni nikaikuta barua yako. Nikamwona akilini binti yako amesimama mbele ya ukuta ule, anasoma jina la baba yake kwa sauti.

Kaka, picha ile niliiharibu mimi.

Siku ya ajali Mzee Flashi alikuwa roshani tangu asubuhi akipiga picha za njia panda za kuuza kama kadi. Habari kwamba alipiga muda ule ule zikawafikia polisi kabla ya adhuhuri. Karani wao akaja kutuambia atarudi saa nane kuichukua picha, na kwamba yeyote atakayeichezea atafungwa. Mzee Flashi akasafisha filamu, akanipa niikaushe, akaenda kula. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kazini nilikuwa na miezi mitano tu, kazi yenyewe kuwafuta maharusi chunusi kwenye filamu kwa penseli na wembe. Nikabaki peke yangu. Nikaiweka filamu kwenye kioo chenye taa, nikaitafuta bendera, nikaiona. Ilikuwa nyeusi. Nikasema kaka yangu amekwisha. Nikachukua wembe, nikaikwangua taratibu, nikimwomba Mungu karani asifike, mpaka ikatoweka. Nilidhani nimekuokoa.

Kila mtu wa studio anajua kwamba kwenye filamu mambo huwa kinyume. Cheupe huonekana cheusi, na cheusi huonekana cheupe. Niliambiwa hivyo siku ya kwanza, na siku zote zilizofuata. Siku ile hofu ilinitoa akili. Bendera niliyoiona nyeusi kwenye filamu ilikuwa nyeupe, kaka. Na filamu ikikwanguliwa mahali, mahali hapo hutoka peusi kwenye karatasi. Ule uzi ni pindo ambalo wembe wangu haukulifikia.

Mzee Flashi aliporudi akaitoa picha mwenyewe, mbio mbio. Nilisimama kando ya beseni la dawa nikautazama ukuta wa benki ukijitokeza, kisha tramu, kisha wewe na kofia yako, na mkononi mwa mshika bendera kitambaa cheusi tii. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Mzee Flashi hakujua. Alinishika bega akaniambia pole. Nilifungua mdomo, lakini karani alikuwa ameshakaa pale mapokezi, nikaufunga. Nikajiambia nitasema kesho. Nikajiambia nitasema siku ya kesi. Ulipofungwa nikajiambia mama ana mtoto mmoja jela, akifungwa wa pili hatastahimili. Zote hizo ni sababu za kupangapanga. Niliogopa, basi. Na wewe miaka yote hii, kila unapoandika, huachi kuniuliza macho yangu yanaendeleaje.

Leo asubuhi nilikwenda makumbusho nikamweleza yule msimamizi yote haya, kabla sijashika kalamu kukuandikia. Nilimwambia yeye kwanza kwa kuwa nakujua. Ungeniambia ninyamaze, yamepita, nisijitie aibu uzeeni. Hakunifokea. Aliyachana maelezo yake, akanisogezea kalamu na karatasi, akasema niandike mwenyewe. Saa sita yamekwenda kwa mchapaji hivi: "Bendera iliyoinuliwa ilikuwa nyeupe. Dereva wa tramu aliona sawasawa. Weusi unaoonekana ni alama ya wembe wa msaidizi wa studio, ambaye ni dada yake." Jina langu liko chini, nalo kamili, mpaka la babu.

Sikuombi unisamehe kwa barua, wala sikupangii siku. Ukitaka kunitukana, nitukane, nina haki ya kutukanwa. Ukiwa hutaki kuniona, nitakaa chumba cha nyuma mpaka mmalize kutazama. Ila usiache kuja. Stendi mpya iko ng'ambo ya makumbusho, na katikati kuna barabara pana, magari yanakwenda kasi. Mkishuka, usimshike binti yako nguo kumuuliza kama hakuna gari. Tazama mwenyewe huku na huku, ukiona ni salama, mshike mkono umvushe wewe.

Barua hii nampa dereva wa basi la saa tisa akufikishie leo leo. Nisalimie wifi, na umwambie binti yako kwamba shangazi yake ana mengi ya kumweleza, kama bado atataka kusikiliza. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi mdogo wako,
uliyeniita Chiriku kwa kusema sana, na neno lako moja nikalinyamazia.